Mabano Yenye Neno Moja: Kisa cha Tamthilia Teule Kati ya Jukwaa na Darasa

Kisa kinachochambuliwa hapa kilitokea nchini Kenya katika muda wa mihula miwili ya masomo. Kilihusu tamthilia ya Kiswahili ya mtunzi aliye hai, iliyokuwa ikisomwa darasani na wanafunzi wa sekondari wakati ule ule ilipokuwa ikiigizwa mbele yao. Jina la mtunzi, la tamthilia, la kikundi cha waigizaji na la kila shule nimeyaondoa, na hadithi ya tamthilia yenyewe nimeibadilisha sura kiasi cha kutosha isitambulike. Jambo moja sikuligusa: ugomvi wote ulizuka juu ya maelekezo ya jukwaani yenye neno moja. Nilikuwamo katika kisa hiki kama mhakiki na, kama itakavyoonekana, sehemu ya kosa ni yangu.

## Usuli: mtunzi na wasomaji wake wa kwanza

Mtunzi ni mwanamke wa makamo, mwalimu kwa taaluma, na tamthilia hii ilikuwa kazi yake ya tatu. Inamhusu mjane mwenye shamba lenye chemchemi inayotegemewa na kijiji kizima. Diwani wa eneo hilo anataka kulinunua shamba ili ajenge mradi wa kuuza maji, na katika onyesho la nne anamtuma karani nyumbani kwa mjane akiwa na karatasi za mauzo na bahasha ya pesa. Karani anaisoma karatasi kwa sauti, anaifungua bahasha, anazipanga noti mezani. Kisha kitabu kinasema hivi:

MJANE: (Anacheka.) Leteni wino.

Anatia kidole gumba, na onyesho linakwisha. Katika onyesho la mwisho, siku ya kuzindua mradi, bomba linafunguliwa mbele ya wageni waheshimiwa na halitoi hata tone. Mjane hayupo tena kijijini, wala hakuna mhusika anayejua alikokwenda.

Tamthilia ilipochapishwa, wahakiki wachache walioiandikia, nami nikiwa miongoni mwao, tuliisifu lugha yake iliyobanwa na tukalalamikia jambo moja kwa pamoja: kwamba mjane hajajengwa vya kutosha, kwa sababu anasema machache mno kwa mhusika anayebeba hadithi. Lalamiko hilo nililiandika kwa mkono wangu, na leo naliona kuwa ni la msomaji wa kitini, asiyekumbuka kwamba mhusika wa tamthilia ana mwili, na kwamba anayenyamaza jukwaani hajatoweka kama anavyotoweka asiyetajwa katika ukurasa.

Miaka michache baadaye tamthilia ikateuliwa isomwe shuleni, na hapo wasomaji wake wakawa wa aina nyingine kabisa. Ni vyema kueleza mazingira hayo, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa yakisukuma kila uamuzi uliofuata. Mwanafunzi wa kidato cha nne nchini Kenya hukutana na tamthilia teule katika karatasi ya tatu ya Kiswahili, yaani Fasihi, yenye alama 80 zinazotokana na maswali manne ya alama 20 kila moja. Swali la tamthilia huja kwa namna mbili zilizozoeleka. Ya kwanza ni insha juu ya maudhui au mhusika. Ya pili ni dondoo, ambapo mwanafunzi hupewa maneno machache kutoka kitabuni na kuambiwa aeleze muktadha wake kwa alama 4: nani anasema, anamwambia nani, wapi, na kwa nini. Hilo neno la mwisho, kwa nini, ndilo lenye shida. Linadai sababu moja, na sababu hiyo mwanafunzi huikariri kutoka katika mwongozo, yaani kijitabu kinachomchambulia kitabu teule. Tamthilia kama *Kifo Kisimani*, *Mstahiki Meya*, *Kigogo* na *Bembea ya Maisha* zimepitia njia hiyo kila moja kwa zamu yake, na vijana wengi huzikumbuka kwa sura ya orodha: maudhui, wahusika na sifa zao, mbinu za uandishi.

Miongozo mitatu ya tamthilia ya kisa chetu niliipitia. Yote mitatu, kwa maneno yanayokaribiana kiasi cha kutia shaka, ilimpa mjane sifa ya tamaa, na ushahidi wake ulikuwa mmoja: anacheka anapoona pesa.

## Kikundi na igizo la kwanza

Kikundi kilikuwa na waigizaji wanane walioigiza wahusika kumi na watano, na mwelekezi aliyesomea sanaa za maonyesho chuo kikuu. Riziki yao ilikuwa ile ile ya vikundi vingi vya aina hii: kuzunguka shuleni wakiigiza vitabu teule, kila mwanafunzi akitoa kiingilio kidogo, igizo likifanyika bwaloni baada ya meza kusogezwa ukutani, mara nyingine mara mbili kwa siku katika shule mbili tofauti. Muda hauzidi dakika tisini kwa kuwa ratiba ya shule haina nafasi zaidi. Mteja wa kikundi, ukitazama vizuri, si mwanafunzi anayelipa wala mwalimu mkuu anayetia sahihi. Ni mkuu wa idara ya Kiswahili, maana yeye ndiye anayesema kama igizo litawasaidia watahiniwa au litawapotezea alasiri.

Mwelekezi na mwigizaji aliyepewa nafasi ya mjane waliyafanyia kazi yale mabano kwa siku kadhaa. Walichokiona ni kwamba neno limeachwa tupu. Kiswahili kina namna nyingi za kumchekesha mtu jukwaani: angeweza kuangua kicheko, kuchekelea, kucheka kwa dharau, kutabasamu, kuchekacheka kama anayeficha aibu. Mtunzi hakuchagua hata moja kati ya hizo. Aliandika anacheka, akaishia hapo. Waliamua kwamba mjane angeanza kucheka kidogo, kama mtu aliyesikia jambo la kipuuzi, kicheko kikue, kisha kikatike ghafla mahali ambapo msikilizaji hawezi kujua kama kilikuwa kinaelekea kwenye kilio. Baada ya kimya, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Leteni wino."

Nililitazama igizo hilo katika shule ya pili, bwaloni, kukiwa na wasichana mia kadhaa. Kicheko kilipoanza, wasichana walicheka pamoja na mjane, kwa sababu kicheko huambukiza na kwa sababu karani alikuwa mchekeshaji hodari. Kikaendelea, nao wakaendelea. Kilipokatika wao walikuwa bado wanacheka, na kwa muda wa kama pumzi mbili bwalo zima lilisikia sauti yake lenyewe ikicheka peke yake mbele ya mwanamke asiyecheka tena. Kisha wakanyamaza wote. Nimekaa kumbini miaka mingi na sijasikia kimya cha namna hiyo zaidi ya mara tatu au nne.

## Mgogoro

Katika shule ya nne, baada ya igizo, ukafika wakati wa maswali. Mkuu wa idara ya Kiswahili, mwalimu wa miaka mingi na mtahini mwenye uzoefu, alisimama kabla ya wanafunzi. Aliwashukuru waigizaji kwa adabu yote, kisha akasema kwamba mjane aliyeonyeshwa siye mjane wa kitabuni. Mjane wa kitabuni ana tamaa. Huyu wa jukwaani anatiwa huruma. Mwanafunzi wake atakayeandika kwamba mjane alicheka kwa uchungu atapoteza alama, naye hatakuwepo chumba cha mtihani kumtetea. "Mwalimu," alimwambia mwelekezi, "wewe ukitoka hapa unakwenda shule nyingine. Mimi nitabaki na matokeo."

Mwelekezi alijibu kwamba kitabu hakisemi popote kuwa mjane ana tamaa. Mwongozo ndio unaosema hivyo. Jibu hilo lilikuwa la kweli na lilikuwa baya. Lilimwambia mwalimu, mbele ya wanafunzi wake, kwamba hakusoma kitabu.

Katikati ya juma lile lile makala yangu ya uhakiki ikatoka gazetini. Nilikuwa nimeiandika kabla ya mzozo, nikiwa bado na kile kimya cha bwaloni masikioni, na niliandika kwamba hatimaye tamthilia hii imesomwa sawasawa, na kwamba shule zetu zinalea kizazi kinachosoma miongozo badala ya tamthilia. Nilikuja kuambiwa kwamba nakala yake ilibandikwa katika majilisi ya shule moja, sentensi hiyo ya pili ikiwa imepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Shule mbili zilizokuwa zimepanga tarehe na kikundi ziliahirisha, ambalo katika biashara hii ni neno la heshima la kukataa.

Inafaa kuongeza kwamba walimu wakuu wa Kenya wana sababu zao za kuogopa jukwaa, zisizohusiana na alama. Mwaka 2013 mchezo wa shule moja ya wasichana ulizuiwa kuendelea katika tamasha la kitaifa la drama hadi Mahakama Kuu ilipoamuru uigizwe. Tamthilia yenye diwani anayenyakua chemchemi haihitaji kusukumwa sana kabla mtu hajauliza ni diwani yupi anayesemwa. Hata hivyo, katika kisa hiki hofu hiyo haikutamkwa na yeyote, nami sitaibebesha zaidi ya uzito wake.

## Uamuzi wa kwanza: msimulizi

Kikundi kilikutana. Njia zilikuwa tatu. Wangeweza kuendelea kama walivyoanza na kupoteza shule zaidi. Wangeweza kumchezesha mjane kwa tamaa iliyo wazi, macho kwenye noti na mikono ikisuguana. Au wangeweza kuweka msimulizi atakayeingia kati ya maonyesho na kueleza. Njia ya kwanza waigizaji waliikataa, kwa kuwa walikuwa wakilipwa kwa kila igizo na kodi za nyumba zilikuwa zimefika. Ya pili mwigizaji wa mjane aliikataa. Ikabaki ya tatu.

Hoja ya mwelekezi ilikuwa na mashiko: msimulizi si mgeni katika tamthilia ya Kiswahili. Ebrahim Hussein aliutumia usimulizi kama msingi mzima wa *Ngao ya Jadi* na *Jogoo Kijijini* mwaka 1976, na Penina Muhando akamweka Bi Msimulizi katikati ya *Nguzo Mama* mwaka 1982. Kwa hiyo, alisema, hatuvunji jadi, tunairudia.

Msimulizi aliyeingizwa alisimama baada ya kila onyesho na kusema kilichotokea, nani alifanya nini, na jambo hilo linaonyesha sifa gani. Baada ya onyesho la nne alisema kwamba mjane alicheka kwa sababu alikuwa na tamaa, ingawa pia alikuwa na uchungu. Hicho kiunganishi, ingawa pia, kilitungwa kwa zaidi ya saa moja, na kila mtu kikundini aliona kwamba kimempa kila upande haki yake.

Walimu waliridhika. Shule moja kati ya zile mbili ilirudisha tarehe. Lakini mimi nilipokwenda kutazama tena, niliona madaftari. Wanafunzi walikuwa wameelewa upesi kwamba yanayohitajika yangesemwa na msimulizi, kwa hiyo maonyesho yakawa muda wa kusubiri naye msimulizi akawa muda wa kuandika. Kicheko cha mjane kilipita, mmoja wawili wakacheka, wengine walikuwa wakimalizia kunakili sifa za karani. Mwigizaji wa mjane alikaa wiki tatu zaidi kisha akaondoka kikundini bila ugomvi. Aliniambia kwamba alihisi kama picha inayobandikwa ukutani ili mwalimu aieleze kwa fimbo.

## Uamuzi wa pili: kumwita mtunzi

Nafasi ya mjane ilichukuliwa na mwigizaji mwingine, naye mwelekezi, akiwa bado anaamini kwamba usomaji wake ulikuwa sahihi na kwamba msimulizi ni fedheha ya muda tu, akapata wazo ambalo mimi nililiunga mkono kwa mikono miwili: kumwalika mtunzi. Yu hai, anafikika kwa simu, aje aseme mwenyewe mjane wake alicheka nini. Tulipanga igizo katika chuo kimoja cha walimu, tukawaalika wakuu wa idara za Kiswahili wa shule za karibu, akiwemo yule wa shule ya nne. Igizo likafanyika bila msimulizi, kwa kicheko kile cha kwanza. Kisha mtunzi akaulizwa.

Alisema kwamba alipokuwa akiandika alimwona mjane kama mtu mwenye tamaa. Alikuwa akimfikiria jamaa fulani aliyeuza shamba la ukoo bila kumwambia mtu, na kicheko kilikuwa kicheko cha mtu aliyeona pesa. Akaongeza kwamba alichokiona jukwaani jioni ile ni kikubwa kuliko alichokiandika, na kwamba laiti angekifikiria. Lakini alikuwa ameulizwa alikusudia nini, naye hakuwa tayari kusema uongo.

Yule mkuu wa idara hakushangilia, na kwa hilo namheshimu. Alinyanyua mikono kidogo, kama mtu anayesema mmesikia, akakaa. Mwelekezi hakusema neno. Mimi nilikuwa nimeshaandika gazetini kwamba tamthilia imesomwa sawasawa.

## Kilichotokea baadaye

Wiki moja baada ya hapo mwalimu mmoja kijana aliyekuwepo chuoni aliwaomba kikundi waje shuleni kwake, lakini kwa mpango tofauti. Alitaka maonyesho machache tu, bila msimulizi, na onyesho la nne liigizwe hadi karani anapopanga noti mezani, kisha lisimamishwe. Wanafunzi watatu wa kidato cha tatu wapande mmoja mmoja, kila mmoja acheke kicheko chake na kusema yale maneno mawili. Waliobaki, vitabu mkononi, watafute maneno yoyote ya kitabu yanayokipa nguvu kila kicheko au kukinyima.

Wa kwanza alicheka kwa tamaa, na wenzake wakauona ushahidi wake kwenye noti. Wa pili alicheka kwa uchungu, wakamtafutia ushahidi katika maneno ya mjane juu ya marehemu mumewe katika onyesho la kwanza. Wa tatu alikuwa msichana mwembamba aliyekataa kuketi kwenye kiti. Alisimama, akamtazama karani usoni, akacheka kidogo sana, kwa pua, kama mtu anayemwona mwenzake akipanda basi lisilokwenda anakotaka. "Leteni wino."

Aliulizwa ushahidi. Akafungua onyesho la pili, mahali ambapo mjane anarudi kutoka chemchemini na kumwambia jirani kwamba siku hizi mtungi haujai hata akisubiri asubuhi nzima. "Anajua maji yanaisha," alisema. "Anamcheka diwani."

Nilirudi nyumbani nikaisoma tamthilia upya usiku ule. Usomaji wa msichana yule unasimama. Unaeleza kwa nini mjane hakatai, kwa nini habishani juu ya bei, kwa nini anaondoka kijijini, na kwa nini bomba linakauka mbele ya wageni bila mtunzi kutupatia sababu. Haumo katika uhakiki wangu wala katika mwongozo hata mmoja, na mtunzi hakuutaja. Tena unamrudishia mjane ile sifa ambayo sote tuliamua hana, ya mhusika anayetenda.

## Uchambuzi

Sentensi ya mtungi usiojaa haikuwa imefichika. Miongozo yote mitatu inaitaja. Inaitaja chini ya maudhui, katika kifungu cha uharibifu wa mazingira, kama ushahidi kwamba vyanzo vya maji vinakauka kwa sababu ya ukataji wa miti. Kicheko nacho kimewekwa chini ya wahusika, katika sifa za mjane. Kati ya vifungu hivyo viwili kuna kurasa nyingi, na aliyefundishwa kutafuta jibu la maudhui katika kifungu cha maudhui, na jibu la mhusika katika kifungu cha mhusika, hana sababu ya kuvuka. Sisemi kwamba uainishaji huo ni mbaya. Mtu anayefundisha wanafunzi sitini darasani anauhitaji kama anavyohitaji chaki. Ninachosema ni kwamba hapa ulikuwa kabati lenye droo, na vitu viwili vilivyostahili kukutana viliwekwa katika droo mbili. Jukwaani hakuna droo. Anayebeba mtungi usiojaa katika onyesho la pili ndiye yule yule, kwa miguu ile ile, anayeletewa karatasi katika la nne, na mwanafunzi aliyelazimika kuuazima mwili huo kwa dakika mbili alilazimika pia kujiuliza ulikuwa wapi asubuhi.

Ndiyo maana siamini kwamba igizo la kwanza, pamoja na uzuri wake wote, lilikuwa limeshinda. Mwelekezi naye alikuwa na droo yake. Alijua kwamba mjane maskini mbele ya tajiri anastahili huruma, na kutokana na hilo akajenga kicheko cha ajabu, lakini kicheko ambacho kilifunga mlango kwa upole sawasawa na mwongozo ulivyoufunga kwa kufuli. Kosa langu lilikuwa hapo hapo. Neno sawasawa katika makala yangu lilikuwa la mtahini kuliko lolote lililosemwa na mtahini mwenyewe, na nililitumia kumdharau mtu ambaye shida yake ilikuwa halisi. Mwalimu yule hakuwa akitetea ujinga. Alikuwa akiwatetea vijana dhidi ya hasara ambayo si mimi wala mwelekezi tungeilipa.

Juu ya msimulizi, hukumu yangu imebadilika tangu siku zile. Nilifikiri kosa ni kuweka msimulizi. Sasa naona kosa ni mahali alikotoka. Bi Msimulizi wa *Nguzo Mama* yumo ndani ya shida ya wanawake wa Patata, anawafuata wakihangaika kuisimamisha nguzo isiyosimama, na maelezo yake hayaisimamishi. Msimulizi wa kikundi chetu alikuja kutoka katika mwongozo, akiwa ameshajua, na hadhira inapogundua kwamba kuna mtu mmoja jukwaani anayejua, huacha kuwatazama wengine. Lile ingawa pia ndilo lililoharibu zaidi. Mwalimu alikuwa na kicheko kimoja, mwelekezi kimoja, na vyote viwili viliweza kuchekwa. Kicheko cha tamaa ingawa pia uchungu hakuna mwigizaji aliyeweza kukicheka.

Kumwita mtunzi ndio uamuzi ninaourudia mara nyingi kichwani. Tulimwita ili atushindie kesi, tukiwa na hakika atasema tunachotaka, na kwa kufanya hivyo tulikubali mbele ya wote kwamba maana ya tamthilia ni mali ya aliyeiandika. Aliposema tofauti, hatukuwa na pa kushika. Ajabu ni kwamba tamthilia ya Kiswahili ililiona jambo hili zamani. Katika *Kinjeketile* ya mwaka 1969, Hussein anamwonyesha mtu ambaye kinywa chake kinatoa neno juu ya maji na juu ya watu kuwa watoto wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar. Umati unalipokea kama neno la ukombozi, na yeye mwenyewe, akili zikimrudia, anateswa na maana iliyomo ndani yake, kwamba huenda ni kubadilishana bwana mmoja kwa mwingine. Neno lilitoka kwake na halikuwa lake tena. Hussein alitanguliza hata maelezo kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa, asichanganywe na yule mtu wa historia wa Vita vya Maji Maji, na bado vizazi vya wanafunzi vimeendelea kuisoma kama somo la historia. Nimeifundisha tamthilia hiyo mara nyingi, na bado sikukumbuka hata neno lake moja nilipokuwa nikipiga simu kumwalika mtunzi.

Haifuati kwamba kila kicheko kinakubalika. Jambo lililofanya kipindi cha yule mwalimu kijana kifae ni sharti alilowawekea: leteni maneno ya kitabu. Mwanafunzi wa nne aliomba kupanda, akacheka kama mchawi wa vichekesho vya televisheni, wenzake wakacheka sana, na hakuna aliyempatia mstari hata mmoja. Akashuka. Kwa mtahiniwa sharti hilo lina faida ya pili, kwamba swali la sifa za mhusika humtaka atoe sifa na kuithibitisha, na anayejua kuthibitisha sifa tatu zinazopingana hana hofu ya kuulizwa moja. Mkuu wa idara wa shule ya nne, nilipomweleza hivyo, alikubali kuhusu swali la insha. Kuhusu dondoo na ile alama ya kwa nini, hakukubali, na sikuwa na jibu la kumpa.

Mpango wa vicheko vitatu kikundi sasa kinautumia katika shule zinazouomba, lakini si nyingi. Unakula dakika arobaini juu ya maonyesho yenyewe, hivyo siku ya kuigiza mara mbili inakuwa siku ya kuigiza mara moja, na mapato hupungua kwa nusu. Katika shule nyingine msimulizi bado anasimama, ingawa ile sentensi ya onyesho la nne imeondolewa na mahali pake anauliza swali, kisha anangoja. Mara nyingi hakuna anayejibu, na igizo huendelea.